Kumlalamikia hakimu si kukata rufaa: namna maadili ya mahakimu na majaji yanavyosimamiwa

Na Mwandishi Wetu, Singida

Sheria inampa mtu aliyeshindwa katika Mahakama ya Mwanzo siku 30 za kukata rufaa kwenda Mahakama ya Wilaya. Siku hizo huhesabiwa kwa mkulima wa alizeti wa Mkalama sawasawa na zinavyohesabiwa kwa mfanyabiashara wa Singida mjini, wala hazisimami kwa sababu aliyeshindwa ameandika barua mahali pengine. Hapo ndipo wengi hupotelea. Tuchukue mfano wa mjane anayeshindwa shauri la mirathi huko Iramba. Moyoni anaamini kwamba hakimu aliegemea upande wa mashemeji. Anaandika barua kwa Mkuu wa Wilaya, anaipeleka kwa mkono, anagongewa muhuri, kisha anarudi nyumbani kusubiri. Wiki zinapita. Anapoambiwa hatimaye kwamba Mkuu wa Wilaya hana mamlaka ya kubadili hukumu, muda wa rufaa umekwisha, na shamba lililokuwa likigombewa linalimwa na mwingine.

Mjane huyo hakukosea kuamini kwamba hakimu anaweza kulalamikiwa. Sheria za nchi yetu zinaruhusu jambo hilo, na zimeweka chombo cha kulisikiliza hadi ngazi ya wilaya. Alichokosa ni kuelezwa mapema kwamba kuna njia mbili, kila moja ina mlango wake, na mlango mmoja haufungui chumba cha pili.

Njia ya kwanza ni rufaa. Hiyo inahusu uamuzi: hakimu amepima ushahidi vibaya, ametafsiri sheria isivyo, amemnyima mtu nafasi ya kuleta shahidi, au ametoa amri asiyo na mamlaka ya kuitoa. Makosa ya aina hii hurekebishwa na mahakama ya juu yake, nayo pekee. Hakimu anayekosea kwa nia njema hajavunja maadili. Kama kila hukumu iliyotenguliwa ingehesabiwa kuwa utovu wa nidhamu, hakuna hakimu ambaye angethubutu kuandika hukumu ngumu. Ibara ya 107B ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inazipa mahakama zote uhuru katika kutekeleza mamlaka ya utoaji haki, zikilazimika kuzingatia Katiba na sheria za nchi tu.

Njia ya pili ni malalamiko ya kimaadili, nayo inahusu mwenendo wa mtu aliyekalia kiti. Hakimu aliyekutana faraghani na upande mmoja wa shauri, anayetukana wadaawa, anayefika mahakamani amelewa, anayeahirisha mashauri mara kwa mara bila sababu hadi wahusika wachoke na kuacha, anayesikiliza shauri ambalo yeye au ndugu yake ana maslahi nalo. Hata uanachama wa chama cha siasa umo humo: Ibara ya 113A inamkataza jaji, msajili na hakimu kujiunga na chama chochote cha siasa, ingawa haki yake ya kupiga kura imebaki.

Barua moja huweza kubeba mambo yote mawili, na hapo ndipo ugumu huanza. Mlalamikaji anaandika kurasa nne kueleza jinsi ushahidi wake ulivyokuwa mzito, halafu katika mstari wa mwisho anataja kwamba siku ya hukumu alimwona hakimu akishuka kwenye gari la mpinzani wake. Mstari huo wa mwisho ndio malalamiko. Kurasa nne za mwanzo ni sababu za rufaa na zilipaswa kupelekwa kwingine.

Mazoea ya kumkimbilia Mkuu wa Wilaya yana historia ndefu kuliko tunavyodhani. Wakati wa ukoloni wa Kiingereza, chini ya Gavana Donald Cameron, sheria ya mahakama za wenyeji ya mwaka 1929 iliziondoa mahakama hizo chini ya Mahakama Kuu na kuziweka mikononi mwa watawala. Mtemi ndiye aliyetawala na ndiye aliyehukumu; asiyeridhika alikata rufaa kwa afisa wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo, na hatimaye kwa Gavana. Kwa zaidi ya miaka 30, basi, mtu wa Unyaturu au Iramba aliyekwenda kwa "Bwana DC" kulalamikia hukumu alikuwa anafuata utaratibu halali wa rufaa. Ni Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliyouvunja mpangilio huo, ikaziunganisha Mahakama za Mwanzo, za Wilaya na za Hakimu Mkazi katika mfumo mmoja unaoishia Mahakama Kuu, na kumwondoa mtawala katika kazi ya kuhukumu. Sheria ilibadilika kwa siku moja. Mazoea ya watu hayabadiliki hivyo.

Jambo linaloweza kumchanganya zaidi mwananchi ni kwamba Mkuu wa Wilaya amerudi katika habari za mahakama kwa mlango mwingine. Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011 imeanzisha Kamati za Maadili ya Maafisa Mahakama katika mikoa na wilaya. Ya mkoa inaongozwa na Mkuu wa Mkoa, na Katibu Tawala wa Mkoa ndiye katibu wake. Ya wilaya inaongozwa na Mkuu wa Wilaya, na Katibu Tawala wa Wilaya ndiye katibu. Ndani yake wamo pia maafisa wa mahakama. Kamati ya wilaya huchunguza malalamiko dhidi ya mahakimu wa Mahakama za Mwanzo, na ya mkoa huchunguza yanayowahusu mahakimu wa ngazi za juu yao.

Singida ina wilaya tano za kiutawala: Singida, Iramba, Manyoni, Ikungi na Mkalama. Halmashauri ni saba, na tofauti hiyo ya hesabu inafaa kukumbukwa. Mkazi wa Itigi au wa Rungwa, kusini kabisa mwa mkoa, ana halmashauri yake lakini Mkuu wake wa Wilaya ni wa Manyoni, na huko ndiko iliko kamati inayomhusu. Malalamiko yaliyoachwa kwenye ofisi za halmashauri yatachukua muda kumfikia anayehusika, kama yatamfikia.

Malalamiko hayahitaji wakili wala lugha ya kisheria. Yanaandikwa kwa Kiswahili, lugha ambayo Mahakama za Mwanzo zimeitumia tangu zilipoanzishwa. Kinachohitajika ni ukweli unaoweza kufuatiliwa: jina la hakimu na kituo chake, namba ya shauri, tarehe, kilichotendwa au kusemwa, na nani mwingine alikuwepo. Sentensi moja inayosema "tarehe fulani, saa fulani, nje ya mahakama fulani, mbele ya mashahidi wawili" ina uzito kuliko ukurasa mzima wa kulaani. Hakimu anayelalamikiwa naye ana haki ya kujua anachotuhumiwa na kujibu. Hilo baadhi ya walalamikaji huliona kuwa ni kumpendelea, lakini ni kanuni ileile ambayo mlalamikaji mwenyewe angeidai kama angekuwa mshtakiwa.

Kamati ikimaliza uchunguzi haitoi adhabu. Inapeleka taarifa na maoni yake juu, na mwenye mamlaka ya nidhamu kwa mahakimu ni Tume ya Utumishi wa Mahakama. Tume hiyo ni chombo cha Katiba. Mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu, na miongoni mwa wajumbe wake ni Jaji Kiongozi, Jaji wa Mahakama ya Rufani na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, pamoja na wajumbe wawili wanaoteuliwa na Rais. Tume ndiyo inayoajiri mahakimu, na ndiyo inayoweza kuwaonya au kuwafukuza.

Ni halali kuuliza: je, si hatari kumweka kiongozi wa Serikali kuwa mwenyekiti wa kamati inayomchunguza hakimu, wakati Serikali na halmashauri ni wadaawa wa kila siku katika mahakama hizohizo? Hatari ipo, na sheria haikuifumbia macho. Ndiyo maana kamati imepewa mwenendo tu, ikanyimwa hukumu. Ndiyo maana neno la mwisho limeachwa kwa Tume inayoongozwa na Jaji Mkuu. Hata hivyo mipaka ya kwenye karatasi hulindwa na watu. Mkuu wa Wilaya anayemwita hakimu ofisini kumuuliza kwa nini ametoa dhamana kwa mtu fulani hafanyi kazi ya kamati, hata kama anadhani anaifanya. Na malalamiko yakimgusa hakimu ambaye mezani kwake kuna shauri linaloihusu ofisi ya huyo Mkuu wa Wilaya, busara inamtaka mwenyekiti akae pembeni, kama vile hakimu angetakiwa kujitoa katika hali kama hiyo. Upande wa pili wa hoja nao una nguvu yake. Mwananchi wa kijijini anaijua ofisi ya Mkuu wa Wilaya, anaijua njia ya kwenda huko, na haogopi kuingia. Chombo kizuri kilicho mbali kinawafaa wachache.

Maana ya kujitoa inastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ndipo maadili ya hakimu yanapokutana na maisha ya kawaida. Katika rufaa ya madai namba 13 ya mwaka 1999 iliyomhusu Inspekta Jenerali wa Polisi, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitaja mazingira matatu ambayo mdaawa anaweza kumpinga hakimu au jaji asisikilize shauri lake: pakiwa na ushahidi wa uhasama kati yao, hakimu akiwa na uhusiano wa karibu na upande wa pili, au yeye au mtu wa familia yake ya karibu akiwa na maslahi katika matokeo ya shauri, mbali na maslahi ya haki kutendeka. Hisia tupu hazitoshi. Mdaawa hawezi kumkataa hakimu kwa sababu tu ametoa uamuzi mdogo asioupenda, la sivyo kila mtu angejichagulia wa kumhukumu.

Katika mji mdogo mambo hayo matatu hayako mbali kama yanavyosikika. Hakimu wa Kiomboi au Nduguti ananunua kuku katika soko lilelile na wadaawa wake. Anaalikwa harusini na kuombwa mchango. Anakwenda msibani, na asipokwenda anaitwa mwenye kiburi. Watoto wake wanasoma na watoto wa washtakiwa. Hakuna anayemtaka aishi kama mfungwa. Kumzika jirani si kosa la kimaadili. Lakini kupokea mbuzi wa sikukuu kutoka kwa mtu ambaye shauri lake litatajwa Jumatatu ni kosa, hata kama mbuzi huyo angetolewa bila shauri lolote. Hata utani, desturi iliyo hai katika mkoa huu, una mipaka yake hapo. Maneno ambayo watani wangecheka kwa pamoja kilabuni, yakitoka kwa aliyekalia kiti cha hukumu mbele ya mdaawa wa kabila la tatu, humfanya huyo wa tatu aamini kwamba mambo yamekwisha kupangwa. Mwenendo wa hakimu hupimwa pia kwa namna unavyoonekana kwa mtu mwenye akili timamu anayetazama kutoka nje.

Vigezo hivi Tanzania haikuviokota kwingine tu. Mahakimu na majaji wa nchi hii wamekuwa na kanuni za maadili zilizoandikwa tangu mwaka 1984, na zilizopo sasa ni za mwaka 2020. Na kikundi cha majaji kilichoandaa rasimu ya Kanuni za Bangalore mwaka 2001, ambazo leo ni kipimo cha maadili ya majaji duniani, kilikuwa na Mtanzania ndani yake: Jaji Mkuu Francis Nyalali, na baada yake Jaji Mkuu Barnabas Samatta. Kanuni hizo zinataja tunu sita, yaani uhuru, kutopendelea, uadilifu, mwenendo unaostahili, usawa, na umahiri pamoja na bidii. Neno la mwisho hupuuzwa mara nyingi. Uvivu wa kuandika hukumu nao ni suala la maadili.

Kwa majaji utaratibu ni mwingine, nao ni mgumu kwa makusudi. Mkoa wa Singida kwa miaka mingi ulihudumiwa na Mahakama Kuu Kanda ya Dodoma, takriban kilomita 240 kwa barabara, hivyo jaji alionekana mkoani hasa katika vikao maalumu vya kusikiliza mashauri makubwa kama ya mauaji. Malalamiko dhidi ya jaji hayapelekwi kwa Mkuu wa Mkoa. Sheria ya mwaka 2011 imeunda Kamati ya Maadili ya Majaji, na Tume ya Utumishi wa Mahakama humshauri Rais katika mambo yanayohusu nidhamu yao. Lakini kumwondoa jaji madarakani kunatawaliwa na Katiba yenyewe, Ibara ya 110A kwa jaji wa Mahakama Kuu na Ibara ya 120A kwa jaji wa Rufani.

Ibara hizo zinasema jaji anaweza kuondolewa kwa sababu ya kushindwa kutekeleza kazi yake, iwe kwa maradhi au sababu nyingine, au kwa mwenendo unaokiuka maadili. Rais akiona kwamba suala hilo linahitaji kuchunguzwa, anaweza kumsimamisha jaji baada ya kushauriana na Jaji Mkuu, kisha huunda Tume ya uchunguzi yenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili. Mwenyekiti na angalau nusu ya wajumbe wengine wanapaswa kuwa majaji au waliopata kuwa majaji katika nchi ya Jumuiya ya Madola. Tume hiyo ikishauri aondolewe, Rais anamwondoa. Hakuna mkutano wa hadhara, azimio wala amri ya kiongozi inayoweza kuruka hatua hizo.

Suala hilo lilijitokeza mbele ya Taifa zima mwaka 2014. Bunge, likijadili fedha zilizotoka katika akaunti ya Tegeta Escrow, liliazimia kwamba majaji waliotajwa kupokea sehemu ya fedha hizo wachunguzwe kwa kuundiwa Tume. Akizungumza na wazee wa Dar es Salaam Desemba mwaka huo, Rais Jakaya Kikwete alieleza kwamba suala la majaji linapaswa kuanzia ndani ya Mhimili wa Mahakama wenyewe. Wapo waliolitafsiri jibu hilo kuwa ni kukwepa. Kwa mtazamo wa Katiba lilikuwa na msingi: mhimili mmoja ukianza kuelekeza nani ashtakiwe kati ya majaji wa mhimili mwingine, kesho jaji ataitazama sura ya Bunge kabla ya kulitazama jalada.

Jirani zetu wa Kenya wamepita njia zote mbili, ya haraka na ya taratibu. Mwaka 2003 kamati iliyoongozwa na Jaji Aaron Ringera iliwahusisha majaji 23 na mahakimu 82 na tuhuma za rushwa na utovu wa maadili, na majaji wakatakiwa kujiuzulu au kukabili Tume za uchunguzi. Wengi waliondoka. Jaji Philip Waki alichagua kubaki na kujitetea. Tume iliyomchunguza ikamsafisha, akarudi kazini, na mwaka 2008 yeye ndiye aliyeongoza tume iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa nchi hiyo. Kama angetishika siku ile, Kenya ingempoteza jaji asiye na hatia.

Miaka michache baadaye ikaja njia ya pili. Jioni ya Desemba 31, 2011, Naibu Jaji Mkuu Nancy Baraza alituhumiwa kumdhalilisha na kumtisha mlinzi aliyetaka kumpekua katika jengo la maduka la Village Market, Nairobi. Halikuwa shauri la mahakamani. Halikuwa na rushwa ndani yake. Mlinzi alilalamika, Tume ya Utumishi wa Mahakama ya Kenya ikalichunguza, Rais akamsimamisha Naibu Jaji Mkuu na kuunda Tume ya uchunguzi, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Mtanzania, Jaji Mkuu mstaafu Augustino Ramadhani. Mwezi Agosti 2012 Tume ilishauri aondolewe, na Oktoba akajiuzulu. Mlinzi wa langoni alisikilizwa dhidi ya mtu wa pili kwa cheo katika Mahakama nzima, na huyo mwenye cheo naye alipewa nafasi kamili ya kujitetea.

Rushwa ina njia yake ya tatu. Hakimu anayedai fedha ili atoe uamuzi amevunja maadili, lakini pia ametenda jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na taarifa hizo hupelekwa TAKUKURU, ambayo namba yake ya simu isiyotozwa ni 113. Ni vyema zitolewe kabla fedha hazijabadilisha mikono. Aidha, mwananchi ajihadhari na vishoka wanaozunguka viwanja vya mahakama wakidai fedha "za hakimu". Hakimu mwenyewe anaweza asijue lolote. Mtu huyo hupokea kwa pande zote mbili, hurudisha kwa aliyeshindwa na kubaki na za aliyeshinda, na jina lililochafuka ni la hakimu. Karani wa mahakama naye si afisa mahakama kwa maana ya kamati hizi; anayedai malipo yasiyo na stakabadhi alalamikiwe kwa hakimu mfawidhi au kwa mtendaji wa mahakama.

Tukirudi kwa yule mjane wa mfano wetu, hakuna sheria inayomlazimisha kuchagua. Angeweza kuomba nakala ya hukumu na kuwasilisha rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, na wakati huohuo akapeleka kwa Katibu Tawala wa Wilaya malalamiko yanayohusu mwenendo tu, akiambatisha tarehe na majina ya mashahidi. Rufaa ingemrudishia shamba kama haki iko kwake, hata kama hakimu angeonekana hana kosa la kimaadili. Malalamiko yangemfikisha hakimu mbele ya Tume kama amekosa, hata kama rufaa ingeshindwa. Na kama muda umekwisha kumpita, bado anaweza kuiomba Mahakama ya Wilaya imwongezee, lakini atatakiwa kutoa sababu za msingi na kueleza kila siku aliyochelewa. Aende na barua yake yenye muhuri, aseme aliipeleka wapi na lini, na afanye hivyo wiki hii badala ya ijayo.